Barafu kwa Waridi la Bi Nasra

Asubuhi moja nilitoka nyumbani Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, bila kumuaga baba. Hatukuwa tumegombana. Gereji yake ilikuwa uani, mimi nilikuwa nimeacha shule mapema, na kila mtu mle ndani alijua kwamba nitashika spana mpaka nife. Nilifungua mlango wa bati, nikaona barabara, nikaanza kutembea. Nikapita maduka ya mjini, nikavuka mto Muha, nikapanda kilima cha Kinanira kwa sababu tu sikuwa nimewahi kukipanda. Nyinyi vijana mnaouza miche kando ya barabara huniuliza niliichaguaje kazi hii. Sikuichagua. Miguu ilichoka mbele ya ukuta mmoja, na ndani ya ukuta palikuwa na mtu anakata matawi.

Mtu huyo alikuwa Mzee Rajabu, Mswahili wa Buyenzi kama sisi, mtunza bustani wa Wazungu tangu enzi ambazo hakupenda kuzisema. Alikuwa na mkasi wa kupogolea, ule tuliouita sekateri, na aliushika kama kinyozi. Nilisimama pale getini nikimtazama mpaka akachoka kutazamwa.

"We, unatafuta nini?"

Nikamwambia sitafuti kitu. Akanijibu kwamba mtu asiyetafuta kitu anaweza kubeba mbolea. Nikabeba mbolea. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na jioni mikono ilikuwa imechanika kwa miiba hadi kwenye viwiko. Hakunipa glavu. Alisema ngozi itajifunza yenyewe. Ngozi haijajifunza mpaka leo.

Mengi niliyoyajua mwanzoni niliyapata kwake, na sina shukrani nyingi. Mzee Rajabu alikuwa fundi kweli, lakini alikuwa wa kizazi kile kilichoamini kwamba ujuzi ukionekana umeibwa. Alipobebesha waridi, yaani kuchukua jicho la waridi zuri na kulipachika kwenye shina la waridi la pori ili lipate mizizi yenye nguvu, alitundika kikoi kwenye kamba na kufanyia kazi nyuma yake. Mimi nilikaa upande wa pili wa kikoi nikimpitishia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambavyo alifungia jeraha. Nilijifunza kubebesha kwa kusikiliza. Kisu kikipita kwenye gome lililo tayari, hakitoi sauti yoyote. Kikikwaruza, gome ni kavu, na jicho litakufa. Hilo nawaambieni bure, bila kikoi.

Alikuwa na aina mbili tu za mawaridi kichwani: yale yanayompendeza Madamu na yale yanayopoteza wakati. Yote aliyakata kwa namna moja. Kiangazi kikianza alipita bustani nzima na kuyakata usawa wa goti, bila kuuliza hili limetoka wapi na lile limezaliwa na nani. Mengi hayakujali. Mawaridi mnayoyaona mjini kwetu karibu yote yana damu ya China. Kule China kulikuwa na waridi ambalo halikujua msimu: likichanua, linachanua tena. Pia kulikuwa na lile linalonuka kama majani mabichi ya chai, nalo likaitwa waridi la chai. Wafanyabiashara wa majini wakayapeleka Ulaya, Wafaransa wakayazalisha na ya kwao, wakapata yale ya shina refu na ua moja kubwa, machotara ya chai, yanayouzwa leo siku za harusi yakiwa yamevikwa plastiki kama biskuti. Mawaridi ya damu hiyo ukiyakata goti yanafurahi. Yanatoa tawi jipya, na kwenye tawi jipya yanatoa ua. Ndiyo maana Mzee Rajabu aliitwa fundi.

Nilikaa naye miaka, nikatoka, nikarudi. Sikuweza kukaa pahali pamoja. Nilifanya kazi Ngagara kwa wafanyakazi wa serikali waliotaka waridi moja mbele ya dirisha na mihogo kila mahali pengine. Hapo nilipata lawama ambayo na nyinyi mtaipata, kwa hiyo sikilizeni. Mteja anapanda waridi jekundu lililobebeshwa. Baada ya muda, chini ya kifundo, pale jicho lilipopachikwa, kwenye lile shina la pori, linatoka tawi nene lenye afya. Mteja anafurahi, analimwagilia, anaita majirani waone. Lile tawi linakunywa kila kitu, waridi jekundu linakauka, na siku moja anafungua dirisha anakuta kichaka cha vijiua vyeupe visivyo na maana. Anakuita mwizi. Kata kila kinachotoka chini ya kifundo, na umwambie mwenye nyumba siku ileile unapopanda, kwa sababu baadaye hatakusikiliza.

Ni Mzee Rajabu aliyenipeleka kwa Bi Nasra. Magoti yalikuwa yamemchosha, akanipa baadhi ya nyumba zake, na hiyo alinipa kwa sababu ilimuudhi. Bi Nasra alikuwa wa ukoo wa Kiarabu, watu wa Oman waliokuja kwa njia ya Tabora na Ujiji na kufungua duka la vitambaa katika mtaa wa Asiatiki. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, na katikati ya nyumba palikuwa na ua wa udongo wenye waridi moja. Sio kubwa, miiba myembamba mingi kama nywele, majani ya kijani kilichofifia. Halikuwa na ua hata moja.

Aliniketisha, akanipa kahawa na tende, akaniambia habari yake mara moja na hakuwahi kuirudia. Waridi lile lililetwa na mama yake kutoka mlima wa Oman ambako wanakamua marashi. Lilikuwa kijiti kilichochomekwa kwenye kiazi ili kisikauke njiani. Mwaka wa kwanza Bujumbura lilitoa ua, la rangi ya waridi kavu, na mama yake akalipitisha mikononi mwa watoto wote walinuse. Halikutoa tena. Mama alipokaribia kufa aliomba petali zake ziwekwe kwenye sanda, na hapakuwa na petali.

"Mi nilikuwa mutoto, lakini ile arufu ningali nayo," aliniambia. "Saidi, mwanangu, sitaki kitu kikubwa. Nataka mi nisizikwe bila ile ua."

Nilimwambia inshallah. Nilikuwa kijana, neno hilo lilikuwa jepesi.

Mzee Rajabu alikuwa amelitunza miaka mingi kwa njia yake. Kila kiangazi, goti. Nilipomuuliza kwa nini halichanui alisema ni la kiume. Nami nikaendelea kulikata goti kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa upande ule wa kikoi, na kila mwaka Bi Nasra alitoka na kiti chake akaketi mbele yake baada ya sala ya alasiri, akasubiri kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa.

Kisha mji ukachafuka kwa vita. Wateja wa Kinanira wakafunga nyumba, bustani zikawa nyasi, na mimi nikavuka mpaka bila kujua ninakokwenda, nikapanda mpaka Bukavu, Kongo. Kule juu kulikuwa na baridi, na nyuma ya kanisa moja kulikuwa na mtawa mzee wa Kizungu aliyekuwa na bustani ya mawaridi na hakuwa na mtu wa kubeba mbolea. Ndiye mtu wa kwanza kunifundisha bila kikoi. Alinishika mkono akanipitisha kwa kila kichaka kama anayenitambulisha kwa ndugu zake. Hili ni la Ufaransa, la kale kuliko yote, dogo na la rangi ya divai. Hili jeupe lenye majani ya kijivu hustahimili hata kivuli. Hili lenye majani yaliyokunjamana limetoka pwani ya Japani, linakula mchanga na chumvi. Hili lilizaliwa kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Hindi, ambako watu walitenga mashamba kwa nyua za waridi la Shamu na waridi la China, na yale mawili yakaoana yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Alicheka aliposema hivyo, mtawa yule.

Tulipofika kwa la Shamu, niliyajua majani kabla hajasema. Miiba ileile kama nywele. Nikamweleza habari ya Bi Nasra. Akaniuliza Bujumbura kuna joto kiasi gani, nikamwambia. Akaniuliza tunalikataje, nikamwonyesha goti. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kanisani, kwamba mawaridi ya kale ya Shamu na Ulaya huchanua mara moja kwa mwaka. Ua linalala kwenye tawi la mwaka jana, kwa hiyo anayekata tawi amekata ua. Tena hayaamki mpaka yapate baridi. Yasipolala, hayana cha kuamkia. Ua lile la mwaka wa kwanza lilikuwa limelala baridi ya Oman.

Miaka yote ile tulikuwa tunamkata Bi Nasra ua lake kwa mikono yetu, tukipewa kahawa na tende.

Niliporudi Bujumbura nilikwenda kwanza kwa Mzee Rajabu. Sikwenda kumshinda. Nilidhani atataka kujua. Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, akanisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho.

"We ulienda Bukavu kusoma ao kukimbia?"

Nikasema vyote viwili.

"Basi ungekimbia tu. Ile rozi ni ya kiume. Wacha mama wa watu apumzike."

Akageukia ukutani. Alikufa miaka kadhaa baadaye, na sekateri yake akamwachia mkwe wake, ambaye aliitumia kukatia waya wa redio.

Bi Nasra nilimwambia yote. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Hakulia wala hakumlaani mtu. Aliuliza kama tukiacha kulikata litachanua. Nikamwambia tujaribu. Tuliliacha. Likapanda mpaka juu ya dirisha la jikoni, matawi yakajaa majani, wajukuu wakalifungia kamba ya nguo, na halikutoa hata tumba moja. Joto la ziwa halikuliacha lilale.

Hapo ndipo alipofikiri jambo ambalo sijalisikia popote duniani, na labda halingefikiriwa ila na mwanamke mwenye duka katika mji wa joto. Aliniuliza, "Hiyo baridi yake, si iko kwa friji?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku ileile aliagiza vyombo vyote vya duka vijazwe maji na kugandishwa kwenye friji za soda, maana duka sasa liliuza na vinywaji. Kiangazi hicho, kila jua likishuka, tuliondoa majani makavu kwenye shina la waridi la Shamu, tukalizungushia magunia, tukapanga barafu ndani ya magunia. Yeye aliketi kwenye kiti chake na kutuelekeza: hapa pamebaki wazi, hapo ongeza. Majirani walipita mlangoni kuchungulia. Muuza sambusa wa ng'ambo ya barabara alimuuliza kama waridi lina homa. "Ndiyo," alisema Bi Nasra, "na daktari wake ni huyu," akanionyesha mimi. Ninakiri kwamba zile jioni zilikuwa bora kuliko nyingi nilizopata katika kazi hii. Majani yalianza kuanguka moja moja, kama mtawa alivyosema yanavyoanguka kabla ya usingizi. Niliamini.

Kisha umeme ukaanza kukatika, kama unavyojua kukatika. Friji za duka zikawa makabati. Bi Nasra akamwagiza mwanawe mkubwa, Khalfani, aliyekuwa ndiye mwenye duka sasa, atafute barafu kokote. Khalfani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mambo mengi, na mambo ya mama yake aliyafanya jinsi mtu anavyofunga kamba ya kiatu huku akiongea na simu. Alituma gari pwani ya ziwa, kwa watu wanaopakia samaki wa kwenda bara. Likarudi na barafu tele. Mimi nilikuwa Kinanira kwa mteja mpya. Watu wa duka wakaimimina yote kwenye magunia kama tulivyozoea, na siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata.

Nilipokuja, kitu cha kwanza nilichokutana nacho mlangoni kilikuwa harufu ya mukeke, samaki wa ziwa letu. Nikachukua kipande cha barafu nikakilamba. Watu wa samaki huchanganya chumvi ya mawe kwenye barafu ili baridi yake izidi. Kila fundi wa pwani ya ziwa anajua. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema, kwa maana nani anauza barafu akifikiri mnunuzi ataliwekea waridi?

Tulimwaga maji ndoo baada ya ndoo, tukatoa udongo wa juu wote, tukaleta mwingine. Ncha za matawi zilikuwa tayari nyeusi. Weusi ulishuka kila siku kidogo. Khalfani alisimama mlangoni na simu yake mkononi akasema pole, mama, hakujua. Bi Nasra akamjibu kwamba hakuna neno, barafu ni barafu. Kisha akaniomba nimsaidie kuingiza kiti ndani. Hakukitoa tena.

Alifariki mvua zilipoanza. Nilikwenda mazikoni Buyenzi na wanaume wengine. Khalfani alileta chupa ya marashi kutoka Dubai yenye picha ya waridi jekundu kwenye karatasi, chotara la chai, lile la kuvikwa plastiki, ambalo halijawahi kukamuliwa tone la marashi tangu liumbwe. Walinyunyiza juu ya kaburi. Harufu ilikuwa ya sabuni. Nilisimama pale nikijua kila aina ya waridi iliyopo kati ya Japani na Ufaransa, na ujuzi huo haukumfaa mtu yeyote aliyekuwepo, kuanzia na yule aliyelala chini.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu mmekulia humo. Watu waliacha bustani. Kinanira walianza kuweka matofali ya saruji toka geti mpaka mlango, ili gari lisichafuke. Nimeng'oa kwa mikono yangu mawaridi niliyoyapanda kwa mikono hiyohiyo, na mwenye nyumba akasimama juu yangu akiniambia nisisahau mizizi. Mmoja aliniuliza kama ninaweza kupata maua ya plastiki yasiyopauka. Kule Mutakura nilikopanga chumba, mwenye nyumba alinikataza hata mkebe mmoja wenye udongo, akisema maji yanachafua sakafu. Magoti yangu yakawa ya Mzee Rajabu. Siku moja nilifika kwa mteja wa mwisho, nikakuta geti jipya na mlinzi asiyenijua, nikageuka. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Kitu kimoja kilibaki. Khalfani naye aliamua kutandika vigae uani, akaniita nije nichukue kile kisiki kabla mafundi hawajaanza. "Chukua kuni yako, mzee," alisema, na nadhani alitaka kunitendea wema. Nilichimba. Upande wa ukuta, mbali na pale barafu ilipoyeyukia, palikuwa na chipukizi lililotoka mzizini. Waridi la Bi Nasra halikubebeshwa, lilikuwa na mizizi yake lenyewe, kwa hiyo kilichotoka chini kilikuwa ni lenyewe, sio pori. Nililitia kwenye gunia na udongo wake, nikaenda nalo barabara kuu, nikauliza lori la kwanza lililokuwa linapanda milimani likiwa tupu kufuata kabeji kama lina nafasi. Dereva aliuliza nashukia wapi. Nikamwambia nitamwambia nikisikia baridi.

Niliisikia Bugarama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye meza za karoti, na wauza mboga walivaa makoti mchana. Nikashuka, nikauliza chumba. Wakanielekeza kwa Mama Esperansi, mjane aliyewahi kuuza viazi Ngagara, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Alinionyesha chumba nyuma ya nyumba yake, chenye kitanda na dirisha dogo, kisha akanionyesha shamba lake, maana gunia nililobeba alikwisha kuliona. Upande wa juu wa njia kulikuwa na jua. Upande wa chini, kwenye bonde, udongo ulikuwa mweusi na hapakuwa na kitu.

"Baba, ukipanda, pandia uku juu," alisema. "Kule chini kiangazi baridi inauaka maharagwe. Asubuhi unakuta majani imeungua kabisa."

Nikamwomba bondeni.

Alinitazama vizuri, mimi na gunia langu. Aliuliza ni mti gani huo. Nikamwambia ni ua la mama mmoja, na mwenyewe amekufa. Akauliza litachanua lini. Nikasema sijui kama litachanua, na sijui kama nitakuwepo, na kwamba mwenye kulingoja hataliona kwa vyovyote. Hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo. Alikwenda akaniletea jembe.

Nilipomaliza kushindilia udongo, alikuwa ameweka blanketi mbili juu ya kitanda. Akasimama mlangoni akiniomba radhi: chumba hiki, alisema, ndicho chenye baridi kuliko vyote, na wapangaji wote hukihama. Nikamwambia nimekichukua.